Mwaka Niliofundisha Mashine Kungoja

Mwezi uliopita nilikwenda Ipuli, hapa Tabora, kwenye harusi ya mdogo wake Selemani, mwenzangu wa kazi wa zamani, na kabla sijakaa vizuri kwenye kiti kijana mmoja mwenye suti ya kubana akaniamkia shikamoo. Nilimjibu marahaba kwa shingo upande, maana miaka thelathini na minne si umri wa kuamkiwa na mtu mwenye ndevu. Lakini kazi yetu hii ya kuandika programu za kompyuta ina kalenda yake. Ukikaa nayo miaka kumi tayari unahesabiwa bibi. Kijana yule alikuwa mmoja wa watatu wanaofanya kazi na Selemani huko Dodoma, na wakati pilau inasubiriwa walikuwa wanabishana juu ya kosa lililowashinda wiki nzima: majaribio yote yanafaulu, lakini programu ikifika kwa watu haifanyi kazi. Selemani akacheka, akaniangalia, kisha akawasimulia. Akasema zamani, hapa hapa Tabora, sisi tulifanya kosa kama hilo, sisi tukahangaika nalo, na mwishowe sisi tukaligundua. Alisimulia vizuri, kwa ile sauti yake ya upole, na kila alipofika mahali pa kutaja jina langu akapita pembeni. Vijana wakatikisa vichwa, pilau ikaletwa. Mimi nikabaki na kijiko mkononi, nimeona haya na nimeudhika kwa pamoja, kwa sababu hapakuwa na sisi yoyote. Kosa lilikuwa langu peke yangu na kuligundua kulikuwa kwangu peke yangu, na mimi ni mtu wa kujisifu, sipendi kupunjwa hata kwenye makosa. Kwa hiyo mwaka ule nauandika mwenyewe, kama ulivyokuwa.

Habari za nilizaliwa wapi na baba alikuwa nani nitaziruka, hazihusiki. Naanzia chumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na chumba chetu cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la spea za baiskeli la Bwana Dilip, mjini, kwenye barabara ambayo wazee wanasema ndiko misafara ilikokuwa ikipita, wapagazi na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani. Sisi tulipita na kompyuta mgongoni na hatukuelekea pwani, jambo ambalo wenzetu wengi tuliosoma nao hawakulielewa. Chumba kilikuwa stoo kabla yetu, na harufu ya mpira wa matairi na grisi haikukubali kutoka hata tulipopaka rangi mara mbili. Kulikuwa na meza mbili za kweli, na ya tatu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti ya soda. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu, na niliipenda kwa sababu ilikuwa pana na ilibaki na kitasa chake, ambacho nilikitundikia mkoba. Ukuta kati yetu na duka ulikuwa wa mbao nyembamba kiasi kwamba tulijua nani kaja kununua cheni, nani karudisha tairi lililopasuka na nani kaachwa na mkewe. Ghorofani aliishi Bwana Dilip na mkewe, Mama Rekha. Asubuhi tulisikia kengele yake ndogo ya sala, na saa nne harufu ya samli na bizari ikashuka kwenye ngazi, na hapo hakuna aliyeweza kufikiri tena mpaka mchana.

Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikuwa Dada Consolata, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyeacha kazi nzuri Dar es Salaam akarudi kwao Tabora kwa sababu, alivyosema, amechoka kuandika programu za watu wasiojua mvua inanyesha lini. Wa pili alikuwa Selemani, kijana wa Nzega, mwembamba, ambaye ungeweza kukaa naye siku nzima usimsikie. Wa tatu mimi, Tatu, ambaye ungenisikia ukiwa barabarani. Mchana tulikula pamoja chakula alichotuletea mama mmoja wa mtaa wa pili: ugali, nsansa, ile mboga ya majani makavu, zilizoungwa kwa karanga, na Ijumaa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa ya mgando. Selemani ndiye aliyeshika jagi la maji na kutunawisha mikono, hata Dada Consolata alipomkataza. Alinawa wa mwisho, akala taratibu, na mara nyingi aliinuka bado sufuria lina kitu. Nilimwona mzembe wa chakula na nikamcheka. Sasa nikikumbuka naona kwamba alikuwa anamwachia aliye na njaa zaidi, na mwenye njaa zaidi siku zote nilikuwa mimi.

Kazi yetu kubwa mwaka ule ilikuwa ya chama kimoja cha wafugaji. Chanjo ya ng'ombe ya homa ya mapafu ilikuwa ikiletwa vijijini kwenye madeli ya barafu, na ikishachanganywa haingoji mtu. Wafugaji wasipofika siku hiyo na mifugo yao, inamwagwa. Zamani taarifa zilitolewa kwa barua ya kubandikwa ukutani na kwa kupiga kelele sokoni. Chama kikataka kila mfugaji apate meseji kwenye simu yake siku chache kabla. Programu ya kutuma meseji hizo niliiandika mimi. Kazi ya kukusanya majina na namba za simu aliifanya Selemani, ambaye alikwenda kijiji cha Lusu kisha Choma, kule Igunga, boma kwa boma, kwa baiskeli ya kuazima kwa Bwana Dilip, akaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko wa mviringo kama wa mwalimu wa darasa la kwanza.

Hapa lazima nieleze kidogo mambo ya ufundi, na naomba msinikimbie. Programu tuliiandika kwa lugha ya JavaScript. Lugha hii haina subira. Ukiipa kazi inayochukua muda, kwa mfano kupeleka meseji kwenye mtandao wa simu na kuleta jibu, haikai kusubiri. Inakupa kitu kinachoitwa ahadi, kisha inaendelea na mstari unaofuata. Ni kama kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani akakupa kikaratasi chenye namba. Kikaratasi si gauni. Baadaye gauni litakuwa tayari, au fundi atakuambia kitambaa kimeungua, lakini kwa sasa una kikaratasi tu. Mwandishi wa programu asipokuwa makini anakwenda harusini amevaa kikaratasi. Ukitaka mashine isimame mpaka ahadi itimizwe au ivunjwe, lugha yenyewe ina neno lake, nalo ni la Kiingereza: await. Usipoliandika, haisimami.

Sasa Dada Consolata alikuwa na msimamo ambao mimi niliupenda kupita kiasi. Alitaka vifungu vyote vya programu zetu, yale mafungu ya mistari yanayofanya kazi moja moja, vipewe majina ya Kiswahili. Popote kwingine watu huvipa majina ya Kiingereza, hata wakiwa Wachina. Yeye alisema mtoto wa Tabora atakayerithi kazi hii aisome kama anavyosoma gazeti. Basi tulikuwa na tuma, pokea, hesabu, panga. Na mimi, kwa mbwembwe zangu, nikatunga kifungu nilichokiita ngoja. Ukikipa ahadi yoyote, kinaishika, na ikivunjika kinaandika sababu kwenye faili la pembeni ili skrini isichafuke na maandishi mekundu. Nilikuwa napenda skrini safi. Matumizi yake yalikuwa mazuri kwa macho: mstari wa kwanza unasema ngoja tuma meseji, na mstari wa pili unasema onyesha zimetumwa. Dada Consolata, ambaye sifa zake zilikuwa haba kuliko mvua ya Agosti, alisimama nyuma ya mlango wangu wa kuandikia, akasoma, akasema, "Hiki ni Kiswahili fasaha." Nilitembea na sentensi hiyo wiki mbili. Tukaanza kukitumia ngoja kila mahali, hata ndani ya majaribio, yale mambo madogo tunayoandika ili programu ijikague yenyewe na kuonyesha kijani ikiwa sawa na nyekundu ikiwa na kosa. Majaribio yote yalikuwa kijani. Tulijaribu na simu tano za pale chumbani, zote zikalia.

Siku ya chanjo ilipofika, Lusu watu walikuja na ng'ombe mpaka josho likazidiwa. Kesho yake Choma hakuja mtu, isipokuwa wawili watatu waliokuwa wakipita kwenda mnadani. Daktari wa mifugo wa chama, Dokta Ngassa, alisimama na madeli yake tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba, kisha akamwaga chanjo kwenye shimo. Alikuja Tabora mwenyewe kutueleza, na alivyoketi kwenye kreti la soda na buti zake zenye vumbi jeupe la Igunga, hakuna kati yetu aliyethubutu kumkaribisha chai. Tukafungua programu mbele yake. Ilionyesha meseji za Choma zimetumwa zote. Tukafungua majaribio. Kijani. Dokta Ngassa akasema kwamba wafugaji wa Choma hawakupata hata moja, na mwenyekiti wao, Mzee Masanja, amesema hadharani mbele ya mkutano kuwa yule kijana wa daftari hakufika kwenye maboma yao. Alikaa mahali akatunga namba. Kama mashine imetuma na simu hazikulia, basi namba ni za uongo, hilo halihitaji elimu.

Selemani alikuwa amesimama kando ya dirisha. Alisema, "Nilifika, Dokta. Kila boma." Akanyamaza. Hakuapa wala hakutafuta mtu wa kumlaumu, na kule kunyamaza kwake kulimharibia. Mimi nilijua kelele. Mtu asiyejitetea nilimwona ana hatia. Na kwa sababu nimesema nitaandika yote, naandika na hili: nilimgeukia nikamwambia, "Namba hazijitungi zenyewe, Sele." Bwana Dilip, upande wa pili wa ukuta, alikuwa akimhudumia mteja, na nilisikia mazungumzo yao yakikatika. Selemani aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Kisha akachukua jagi, kwa sababu chakula kilikuwa kimefika, akatunawisha wote mikono, na Dokta Ngassa pia.

Wiki ile Dada Consolata alianza kupokea simu zake nje, uani, akidhani kule hatumsikii. Lakini ua ule ulikuwa na bati juu na ulirudisha sauti kama debe. Nilimsikia akimwambia mtu wa chama kwamba ameelewa, kwamba mwisho wa mwezi Selemani ataondoka, na kwamba kabla ya hapo watampeleka Choma akaombe radhi kwenye mkutano, kwa kuwa ndiko alikotuhumiwa. Kwa kijana wa Nzega, ambaye ndugu zake wa mama wametapakaa mpaka Igunga, hilo halikuwa jambo la kupoteza kazi peke yake. Angeitwa mwongo mbele ya watu ambao wangelifikisha jina hilo nyumbani kwao kabla yeye mwenyewe hajafika. Nilijua hivyo, na bado sikusema kitu, kwa sababu niliamini ni kweli. Programu yangu ilikuwa kijani.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilibaki peke yangu. Dada Consolata alikuwa na kikao, Selemani alikuwa ameomba ruhusa kwenda kununua soli ya kiatu, jambo ambalo naamini lilikuwa njia yake ya kukaa mbali na mimi. Ilikuwa saa sita mchana, jua la Oktoba, bati likilia juu kwa joto. Umeme ukakatika. Feni ikasimama, modemu ikazima taa zake zote, na kompyuta yangu ikabaki inakula betri. Nilikuwa nimebadilisha kitu kidogo kwenye programu, rangi ya kitufe, na kwa mazoea nikaendesha majaribio. Nilibonyeza, nikainuka kwenda kunywa maji mtungini, nikarudi. Kijani, yote.

Nilikaa. Nilitaka kuendelea na rangi ya kitufe, kisha mkono ukakataa. Yale majaribio kazi yake ilikuwa kutuma meseji ya kweli kwenye mtandao wa kweli na kusubiri jibu. Modemu ilikuwa imekufa mbele ya macho yangu. Jibu lilikuwa limetoka wapi? Nikaendesha tena. Kijani. Nikaandika jaribio la kijinga kabisa, ndani ya ngoja kama mengine yote, linalodai kwamba ng'ombe ni sawa na mbuzi. Kijani. Nikalitoa nje ya ngoja, likawa lilelile bila hicho kifungu. Nyekundu. Nikalirudisha ndani. Kijani.

Nilifungua kifungu changu nikakisoma, safari hii polepole, kidole kwenye kioo. Kilikuwa mistari minne. Kilipokea ahadi, kikaweka mtego wa makosa, kikarudisha ahadi nyingine. Hakikungoja chochote. Hakikuwa na await ndani yake, na popote tulipokiita hatukuweka await mbele yake, kwa sababu neno lilikuwa limeshaandikwa pale, ngoja, kwa Kiswahili fasaha, na macho yetu, jozi tatu zilizolelewa kwa Kiswahili, yalilisoma na kuridhika. Mgeni asiyejua lugha yetu angeliona kosa kwa siku moja. Sisi tuliipa jina tabia ya kungoja badala ya kuiandika. Mashine ilichukua ahadi, ikaenda mstari wa pili, ikaonyesha zimetumwa. Jaribio lilichukua ahadi, likafika mwisho wake kabla ya jibu kurudi, na kwa kuwa hakuna kosa lililokuwa limetokea mpaka dakika hiyo, likawaka kijani.

Kisha nikakumbuka faili la pembeni, lile la kutunzia makosa ili skrini yangu isichafuke. Tangu nilipolitengeneza sikuwahi kulifungua. Nililifungua. Siku ya kutuma meseji za chanjo lilikuwa limejaa majina, moja chini ya jingine, yote ya Choma. Kwa kuwa hakuna kilichongoja, programu ilikuwa imezitupa meseji zote kwa mkupuo. Mtandao ukapokea za Lusu, zilizokuwa juu ya orodha, kisha ukazikataa zilizobaki, na kila moja ikiwa na sababu ileile: meseji ni nyingi mno kwa wakati mmoja. Hapakuwa na hata moja iliyokataliwa kwa sababu namba si sahihi. Nilisoma jina la kwanza mpaka la mwisho. Kila boma.

Sitajifanya malaika. Nilikaa na jambo lile muda wa kutosha kusikia Bwana Dilip akifunga duka kwenda kula na Mama Rekha akikokota kiti juu yetu. Kulirekebisha kulikuwa kazi ya saa moja. Ningeweza kuweka await kila mahali, nikafuta lile faili, na chanjo ya pili ingekwenda vizuri, na watu wangesema ndiyo, namba za safari hii ni za kweli kwa sababu yule mwongo ameondolewa. Hakuna ambaye angejua. Ile sifa ya Kiswahili fasaha ingebaki yangu. Nililifikiria hilo, nalisema wazi, na nililifikiria kwa utulivu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kilichonizuia hakikuwa wema. Nilikuwa najivuna mno kukubali kwamba kosa nililoligundua vizuri vile, peke yangu, bila umeme, lifukiwe kama chanjo shimoni. Baadaye, nikiwa tayari nimeshasema, ndipo aibu ya lile neno nililomwambia Selemani iliponifikia, na ikakaa.

Dada Consolata aliporudi nilimwonyesha ng'ombe aliye sawa na mbuzi. Aliangalia mara tatu. Nikamwonyesha ngoja, nikamwonyesha faili. Alikaa kwenye kreti, akavua viatu, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka nikaogopa.

"Tatu," akasema, "watu wetu mtu anakuambia 'ngoja, nakuja,' huku anaondoka. Na wewe umeandika hivyo hivyo."

Kisha kicheko kikaisha. Akaniuliza kama Selemani anajua. Nikasema bado. Akaniambia nimwambie kabla ya chakula cha kesho, na kwamba yule kijana alitukanwa Choma mbele ya watu, kwa hiyo kwenye karatasi au kwenye simu hakutatosha. "Utakwenda Choma mwenyewe. Kwa mdomo wako, mbele ya Mzee Masanja." Nilimwambia nitakwenda. Nilipomwambia Selemani kesho yake, mlangoni, kabla hajakaa, alisikiliza mpaka mwisho akauliza kitu kimoja tu: kama jina la mjane wa boma la mwisho kabisa, kule karibu na mbuga, limo kwenye faili. Nikamwambia limo. Akasema huko alifukuzwa na mbwa wawili, nusura arudi, na akaenda kushika jagi. Nikamnyang'anya. Siku hiyo nilimnawisha mimi, na maji mengi yalimwagika kwenye suruali yake kwa sababu sikuwa na mazoea.

Kurekebisha kulichukua siku nne, si saa moja, maana tulipoweka kungoja kwa kweli, zaidi ya nusu ya majaribio yaliwaka nyekundu. Yalikuwa yametudanganya miezi mingi juu ya mambo mengine pia. Tuliyafuata moja moja, mimi na Selemani, yeye akisoma mstari kwa sauti na mimi nikisema mashine itafanya nini, si neno linasema nini. Huo ndio ukawa mtindo wetu, na mpaka leo sijapata njia bora ya kutafuta kosa la ahadi: usisome ulichokusudia, soma kilichoandikwa. Neno ngoja tulilifuta. Tukaandika await ya Kiingereza kila mahali, Dada Consolata akiguna, na meseji zikapangwa ziende moja baada ya nyingine. Ya pili haiondoki mpaka ya kwanza ijibiwe.

Choma tulifika saa tatu asubuhi na gari la Dokta Ngassa. Mkutano ulikuwa kando ya josho, wanaume kwenye vigogo, wanawake kwenye kanga zilizotandikwa, ng'ombe wachache wakilamba ukuta wa saruji. Tukasalimiana mwangaluka na kila mzee kwa zamu yake. Mzee Masanja alikuwa mtu mkubwa mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na aliposhika mkono wa Selemani aliuachia upesi. Walidhani wamekuja kumsikia Selemani akiomba radhi. Niliposimama mimi kulikuwa na mnong'ono, na Dokta Ngassa akawaambia wanisikilize.

Niliwaambia hivi. Kwamba namba zao zote zilikuwa sahihi, kwamba kijana alifika kila boma, na kwamba meseji zilipotea mikononi mwangu. Niliipa mashine neno la Kiswahili nikidhani italitii, na mashine haijui Kiswahili. Ikaniambia imetuma kabla haijatuma, nami nikaiamini hiyo nikaacha kumwamini mtu ninayekula naye sufuria moja. Chanjo iliyomwagwa ilimwagwa kwa sababu yangu. Jina langu ni Tatu, nakaa Tabora mjini, na atakayekuwa na neno aniambie mimi.

Mama mmoja akauliza kwa Kisukuma, na Selemani akanitafsiria, kama mashine imeshajifunza sasa. Nikasema waone wenyewe. Nikafungua kompyuta juu ya boneti la gari, nikabonyeza.

Simu ya kwanza ililia upande wa kushoto, kwa mzee mmoja aliyeshtuka akaanza kujipapasa. Kimya kidogo. Ikalia ya pili, nyuma kabisa, kwenye kifurushi cha kanga. Kimya tena. Ya tatu. Hazikulia kwa mkupuo. Kila moja ilingoja iliyotangulia ijibiwe, kwa mpangilio uleule wa maboma ambao Selemani alipita na baiskeli, na baada ya simu sita au saba watu wakaelewa mpangilio wenyewe, wakaanza kugeuka kumtazama anayefuata kabla simu yake haijalia. "Sasa kwa Kashindye," mtu akasema, na kwa Kashindye ikalia. Walikuwa wanaifuata ile safari yake boma kwa boma. Mimi nilisimama kando ya boneti, na najua kabisa kwamba katika maisha yangu sijapata kujivunia kitu nilichokitengeneza kama nilivyojivunia vile vipindi vidogo vya kimya kati ya simu na simu.

Mjane wa karibu na mbuga ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha, na kabla yake Mzee Masanja. Simu ya mzee ikalia mfukoni. Akaitoa, akaishika mbali na uso, akakunja uso, kisha akasema miwani ameiacha nyumbani. Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake jeupe, na sisi sote tuliiona. Akainuka, akapita mbele yangu, akampa Selemani simu.

"Nisomee wewe, mwanangu."

Selemani akasoma. Chanjo ya ng'ombe, josho la Choma, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mzee Masanja akaweka mkono begani mwake, akaugeukia mkutano.

"Soma tena," akasema. "Kwa sauti, wasikie wote."